Tumejua kuchangisha, tusisahau kuchangiana

Wahenga walinena kuwa kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kama kuna taifa lililoutwaa usemi huu na kuufanya desturi ya kila siku, basi Kenya ni mojawapo. Jomo Kenyatta alipolitamka neno Harambee mbele ya umati siku ya Madaraka, Juni 1, 1963, hakuwa anabuni tabia mpya. Alikuwa anaipa jina la kitaifa tabia ambayo jamii zetu zilikuwa nayo tangu jadi, ya kusaidiana kulima, kujenga, kuoza na kuzika. Zaidi ya miaka sitini imepita na tabia hiyo ingali hai. Katika orodha ya mwaka 2024 ya Charities Aid Foundation, shirika la Uingereza linalolinganisha ukarimu wa mataifa, Kenya ilishika nafasi ya pili duniani, ikitanguliwa na Indonesia peke yake.

Hata hivyo, njia tunazopitishia ukarimu huo zimegeuka mno. Zamani mchango ulianza kwa kadi iliyochapishwa na kusambazwa na kamati, ukaishia uwanjani au ukumbini, watu wakiwa wameketi na kutazamana. Siku hizi huanza kwa mlio wa simu. Hutokea picha ya mgonjwa, maelezo ya sentensi nne au tano, kiasi kinachohitajika na nambari ya kutumia fedha. Mtu huyasoma hayo akiwa ndani ya matatu, akatuma shilingi 200, akaandika "pole sana" na kuendelea na safari yake.

Swali ninalotaka tulitafakari leo ni hili: je, mitandao ya kijamii imebadilisha barabara tu ya kupitishia msaada, au imebadilisha pia mtu anayefikiwa na msaada wenyewe? Naona imebadilisha vyote viwili, na hili la pili hatujalizungumza vya kutosha.

Nianze na lugha, maana lugha hutunza kumbukumbu ambazo wenyewe tumekwisha kuzisahau. Tuchukue kitenzi changa, kwa maana ya kutoa sehemu yako ili iunganishwe na sehemu za wengine. Mwanafunzi yeyote wa sekondari anaweza kukinyambua. Katika kauli ya kutendea tunapata changia: yupo anayetoa na yupo anayetolewa, na mkono unaelekea upande mmoja. Katika kauli ya kutendeana tunapata changiana: anayetoa leo ndiye atakayepokea kesho, na wote wawili wanalijua hilo. Katika kauli ya kutendesha tunapata changisha: hapa anaingia mtu wa tatu, ambaye kazi yake ni kuwafanya wengine watoe. Kitenzi ni kimoja, lakini kila kauli inataja uhusiano wa aina yake baina ya watu.

Harambee ya zamani ilizibeba kauli zote tatu kwa pamoja. Palikuwa na wachangishaji, yaani kamati yenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina mwenye daftari. Palikuwa na waliochangia, ambao huenda walitoka mbali na wasirudi tena. Lakini uti wa mgongo ulikuwa ni kuchangiana. Mama aliyetoa debe la mahindi kwa karo ya mtoto wa jirani alijua kwamba mwaka ujao zamu ingekuwa yake. Aidha, aliijua nyumba ile, akajua kama baba wa mtoto yule ni mgonjwa kweli au ni mlevi. Hakuhitaji kuonyeshwa picha.

Nisieleweke kana kwamba nazipamba enzi hizo. Harambee ilikuwa na dosari zake, tena kubwa. Wanasiasa waliigeuza jukwaa la kujigamba kwa mabunda ya noti ambayo asili yake haikuulizwa. Wafanyabiashara wadogo na wafanyakazi wa serikali walilazimishwa kutoa, na "hiari" ikabaki neno la kwenye kadi. Ndiyo maana sheria ya maadili ya maafisa wa umma ya mwaka 2003 iliwawekea maafisa hao mipaka ya kuchangisha, na ndiyo maana Rais William Ruto, baada ya maandamano ya vijana ya mwaka 2024, alitangaza mwezi Julai kwamba maafisa wa serikali wasishiriki tena katika harambee.

Basi simu ilipokuja, ilikuja na ukombozi wa kweli. M-Pesa ilianzishwa mwezi Machi 2007, na katika muda mfupi mtu wa kawaida akaweza kutuma fedha kidogo kabisa bila kupanda gari wala kuingia benki. Mwaka 2011 ukame ulipoikumba Turkana na sehemu nyingine za kaskazini, kampeni ya Kenyans for Kenya ilianzishwa na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, Safaricom, Benki ya KCB na wamiliki wa vyombo vya habari. Lengo lilikuwa shilingi milioni 500 kwa wiki nne, na lengo hilo likapitwa kabla ya muda kwisha. Wengi wa waliotoa hawakuwa matajiri. Haba na haba hujaza kibaba, nasi siku zile tulikiona kibaba kikijaa mbele ya macho yetu.

Miaka miwili baadaye, jengo la Westgate lilipovamiwa na magaidi mnamo Septemba 21, 2013, mwito ulienea mitandaoni chini ya kaulimbiu ya We Are One, na watu wakapiga foleni ndefu jijini Nairobi kutoa damu. Mnamo Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, vijana walitumia mtandao wa Twitter kuyaandika majina na kuonyesha picha za marehemu mmoja mmoja, ili wasibaki kuwa hesabu tu katika taarifa ya habari. Na mnamo 2024, Hanifa Adan, mwanahabari na mwanaharakati kijana, alichangisha zaidi ya shilingi milioni 30 kupitia jukwaa la M-Changa kwa ajili ya matibabu ya majeruhi na maziko ya waliouawa katika maandamano ya Juni. Hapakuwa na mgeni wa heshima wala kipaza sauti, sembuse mbunge wa kusubiriwa hadi saa nane.

Wapo wanaobeza ushiriki wa namna hii. Husema kwamba anayebofya kidole gumba hajatenda lolote, na kwamba huruma ya mtandaoni ni moshi usio na moto. Mimi siwaungi mkono kikamilifu. Mnamo 2014 watu wa Marekani na kwingineko walijimwagia ndoo za maji ya barafu na kuzirusha picha zao mitandaoni, jambo lililoonekana kuwa mchezo mtupu. Lakini mchezo huo uliliingizia shirika la Marekani linaloshughulikia ugonjwa wa mishipa ya fahamu uitwao ALS dola milioni 115 katika kipindi kifupi, na sehemu ya fedha hizo ikasaidia utafiti uliogundua jeni moja inayohusiana na ugonjwa huo mwaka 2016. Mzaha, wakati mwingine, huzaa usaha. Mara nyingine huzaa dawa.

Hivyo basi, kasoro ninayoiona haimo katika wepesi wa kutoa. Imo katika namna tunavyomteua wa kupewa. Mtandao umemtukuza yule mtu wa tatu tuliyemtaja, mchangishaji. Zamani alichaguliwa na wanaomjua mhitaji; leo mtu yeyote mwenye simu na ufundi wa kusimulia anaweza kuishika nafasi hiyo. Anayejua kusimulia ataamua ni dhiki ipi itakayoonekana na ipi itakayosahaulika. Msemo wetu ulikwisha kutuonya: asiyekuwapo na lake halipo.

Hebu tuangalie mfano wa jirani zetu. Mwezi Machi 2012, shirika la Marekani la Invisible Children lilitoa filamu fupi kuhusu Joseph Kony na kundi lake la LRA, na katika muda wa siku sita filamu hiyo ikatazamwa takriban mara milioni 100. Vijana wa Ulaya na Marekani walichanga, wakanunua bangili na mabango. Lakini kundi la Kony lilikuwa limekwisha kuondoka kaskazini mwa Uganda tangu mwaka 2006. Walioachwa nyuma walikuwa majeruhi, mayatima na watu waliokuwa wanajaribu kurejea mashambani mwao. Filamu hiyo ilipoonyeshwa hadharani mjini Lira, wengi wa watazamaji, ambao baadhi yao walikuwa waathiriwa wenyewe, walikasirika. Dhiki ilikuwa yao, lakini msimulizi hakuwa wao, na dawa iliyopendekezwa haikuwa ile ambayo wangeiomba wao. Huo ni mfano wa kuchangisha kusiko na chembe ya kuchangiana.

Hatuna haja ya kwenda mbali zaidi. Chunguzeni ombi lolote la msaada linaloenea mitandaoni humu nchini, mtaona kwamba limeandikwa kwa ustadi. Mara nyingi ni kwa Kiingereza, au kwa Kiswahili kilichokaribiana nacho, kwa kuwa wenye fedha hukutana huko. Aliyeliandika ni mpwa aliyesoma chuoni, au rafiki mwenye wafuasi wengi. Je, familia isiyo na msomi hata mmoja itaandikiwa na nani? Ajuza wa Tana River ambaye ugonjwa wake hauna jina zuri, anayezungumza lugha ambayo wachache wanaielewa, na anayeishi mahali ambapo mawimbi ya simu hushikwa kwa kupanda kilimani, ataingiaje katika huruma yetu? Tulizoea kusema kwamba mwenye nacho huongezewa. Sasa yafaa tuongeze kwamba mwenye maneno naye huongezewa.

Kuna upungufu mwingine. Mtandao hupenda tukio na huchoshwa na hali. Shambulio, ajali, moto wa soko na mafuriko ni matukio. Yana siku, saa na picha. Njaa ya muda mrefu, ugonjwa wa akili, ukosefu wa sodo kwa mwanafunzi wa kike na kiti cha magurudumu kilichovunjika ni hali. Hazina mwanzo wa kutangazwa wala mwisho wa kushangiliwa. Baina ya 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika maeneo kame ya Kenya, na zaidi ya watu milioni nne wakahitaji msaada wa chakula. Hakuna aliyeweza kuonyesha siku ambayo janga hilo "lilitokea". Lilinyemelea, na jicho lililozoea kushtuliwa halikuona cha kushtukia kila asubuhi.

Fauka ya hayo, tufikirie heshima ya anayepokea. Ili ombi lifanikiwe, inabidi aonyeshwe katika unyonge wake: mtoto aliyevimba tumbo, mama aliyelazwa na mipira puani. Katika kijiji, waliomwona mgonjwa hali hiyo walikuwa watu waliomjua alipokuwa mzima, nao walimkumbuka kwa uzima wake. Mtandaoni, picha hiyo ndiyo utambulisho wake wa pekee, na haifutiki. Mtoto huyo akipona na kufika kidato cha kwanza, wenzake wataitafuta na kuiona. Kenya ina sheria ya kulinda data ya mtu binafsi tangu mwaka 2019, lakini sheria haiwezi kuzuia kila kidole kinachosambaza kwa nia njema.

Lakini je, kuchangiana kumekufa? La hasha! Kumehamia mahali padogo, katika vikundi vya WhatsApp vya ukoo, vya waliosoma pamoja, vya walimu wa shule moja. Janga la Covid-19 liliharakisha uhamaji huo mwaka 2020, pale mazishi yalipowekewa kikomo cha watu 15 na kamati za matanga zikashindwa kukutana. Kila mmoja wetu anaifahamu ile orodha: namba moja ni jina la mweka hazina, kila anayetoa huinakili yote, huongeza jina na kiasi chake chini, kisha huirudisha kikundini. Mfawidhi aliyekuwa akitangaza kwamba fulani ametoa elfu kumi hakufa; amejificha ndani ya orodha hiyo. Aliyeishiwa huiona ikirefuka bila jina lake, akanyamaza, na pengine akajiondoa kikundini usiku. Shinikizo halikosekani. Ila angalau hapo watu wanajuana, na aliyenyamaza anaweza kupigiwa simu na kuulizwa: ndugu, kwako ni salama?

Uhusiano huo wa kuulizana hali ndio tunaoupoteza tunapogeuka kuwa watazamaji wa misiba ya tusiowajua. Kwa upande mwingine, tukibaki katika vikundi vyetu tu, ukoo maskini utawachangia maskini wake kwa senti, na ukoo tajiri utawachangia wake kwa maelfu. Ndiyo sababu hatuwezi kuchagua kauli moja na kuzitupa nyingine. Kuchangisha huvuka mipaka ya ukoo na kabila. Kuchangiana hutupa ujuzi wa nani hasa ana shida, na shida gani. Kinachohitajika ni kuziunganisha.

Naelekeza fikira zangu kwa walimu na wanafunzi, kwa sababu shule ni mojawapo ya mahali pachache ambapo mahitaji ya watu hujulikana kabla hayajasimuliwa. Mwalimu wa darasa humjua mtoto anayekosa shule kila siku ya soko, anayekaa nyuma kwa aibu ya sare iliyochanika, anayelala masomoni kwa kuwa usiku humwuguza mama. Mtoto huyo hana kaulimbiu. Mwalimu ndiye shahidi wake. Kabla shule haijazunguka na ombi lililoletwa na mkondo wa mitandao, kikao cha walimu kingeweza kujiuliza kwanza: nani miongoni mwa wetu hayumo katika simu ya mtu yeyote?

Wanafunzi nao wafundishwe kulisoma ombi la msaada kama wanavyofundishwa kuisoma insha. Nani anasimulia, na anamjuaje mhitaji? Mhitaji amekubali kusimuliwa? Fedha zinaingia katika akaunti ya nani, na ni watu wangapi wanaoruhusiwa kuzitoa? Hospitali iliyotajwa inaweza kuthibitisha? Baada ya mchango kwisha, taarifa itatolewa lini? Hanifa Adan alitoa maelezo hadharani kuhusu matumizi ya fedha alizochangisha, na umma ulikuwa na haki ya kuyadai. Sheria yetu ya kudhibiti michango ya umma ilitungwa mwaka 1960, wakati mchangishaji alikuwa mtu mwenye kopo mkononi; haikuweza kumwona mchangishaji aliyeko mahali popote. Maadamu sheria huchelewa, mazoea mema na yatangulie.

Kuna jambo moja la mwisho, nalo halipendezi kusemwa. Sehemu kubwa ya maombi tunayopokea ni ya bili za hospitali. Tulikuwa na bima ya taifa ya hospitali, NHIF, tangu mwaka 1966, na tangu Oktoba 1, 2024 nafasi yake imeshikwa na mamlaka mpya ya afya ya jamii, SHA. Kodi na bima, ukizitazama vizuri, ni kuchangiana kulikokamilika: aliye mzima humlipia aliye mgonjwa, bila picha, bila insha, bila kumwuliza kama ana mpwa anayejua kuandika. Kila mara tunapookoa maisha ya mmoja kwa simu, tufurahi. Lakini tukumbuke kuuliza kwa nini ilibidi, na waliolala wodi hiyo hiyo bila msimulizi waliondokaje. Wepesi wa kutuma shilingi 200 usitufanye tusahau kudai haki ambayo ingewafikia wote.

Asiyekuwapo na lake halipo, walisema wazee. Usemi huo ulikuwa maelezo ya jinsi dunia ilivyo, wala haukuwa amri ya kwamba iendelee kuwa hivyo. Tumepewa chombo kinachoweza kuifikisha sauti ya mtu wa Moyale hadi Muscat kwa nukta moja. Tukitumie pia kumtaja asiyejua kujitaja, kwa ruhusa yake na kwa heshima yake, ili hata akiwa hayupo, lake liwepo.